Mshale wa Kwanza

Siku ya tatu ya kushuti, kwenye shamba la kahawa nje kidogo ya mji wa Ruiru, nilimfunga kilemba mwanamume ambaye haamini Mungu. Aliniambia mwenyewe huku nikimzungushia kitambaa, kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayekwambia hali nyama. Alikuwa ameajiriwa kuigiza Joseph Ng'ang'a, nabii wa Wakorino aliyeuawa kwa risasi za polisi wa kikoloni katika msitu wa Ndarugu, Februari 1934. Mama wa mavazi alikuwa amejaribu kumfunga mara mbili na mara mbili kitambaa kikamwangukia mabegani. Ndipo akaniita: "Wewe si ulikuwa Mkorino? Kuja umsaidie huyu."

Kweli nilikuwa. Nilikivua changu mwaka wa kwanza wa chuo, miaka miwili kabla ya kukiacha chuo chenyewe kwa sababu ya karo. Lakini mikono haikuwa imesahau. Cucu wangu alikuwa hazungumzi akifunga kilemba chake asubuhi. Ungemsalimia, angekujibu akishamaliza. Nikajipata na mimi nimenyamaza. Yule mwigizaji akafikiri amenikasirisha na habari zake za Mungu, akaomba msamaha. Nikamwambia hapana, simama wima.

Naandika haya kwa sababu ya kilichotokea jioni ya siku hiyo. Kuna swali ambalo nimelibeba tangu wakati huo, nikipanda matatu, nikioga, nikiandika vitu vingine vya kulipa kodi ya nyumba: ukisimulia kifo cha watu ambao wengine wanakiheshimu kama kitu kitakatifu, una deni gani, na unamlipa nani?

*

Ukiwa mtu wa Nairobi au vitongoji vyake, Wakorino umewaona. Vilemba vyeupe, ngoma, kanzu, waimbaji kwenye kona ya stegi Jumapili mchana. Utani wao pia umeusikia. Ambacho huenda hukusikia ni walivyoanza.

Agano Jipya lilitoka kwa Kigikuyu mwaka wa 1926. Kwa mara ya kwanza, mtu aliyejua kusoma kidogo angeweza kukaa chini ya mti na kitabu, bila mmishenari wa kumwambia kinasema nini. Kisha 1929 ukaja mgogoro mkubwa kati ya misheni na Wagikuyu kuhusu tohara ya wasichana. Watu wengi wakahama makanisa ya wamishenari, wakaanzisha yao pamoja na shule zao. Lakini kulikuwa na kundi jingine ambalo kubadilisha mwenye kanisa hakukuwatosha. Hawa walienda kuomba msituni na mapangoni, wakasikiliza ndoto na maono, wakakataa vitu vya Mzungu. Waliitwa Arathi, yaani manabii. Waliitwa pia Watu wa Mungu, kwa Kiswahili hivyo hivyo, na Jomo Kenyatta akawaandika kwa jina hilo katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha 1938. Walitembea na pinde na mishale. Serikali ya kikoloni ikawatazama kama hatari.

Februari 1934, katika msitu wa Ndarugu, polisi waliwaua kwa risasi watatu kati yao: Joseph Ng'ang'a, Samuel Muinami na John Mung'ara. Kwa Wakorino hao ni mashahidi wa imani. Nilikua nikiyasikia majina hayo kanisani kama vile watoto wengine walivyosikia Petro na Paulo. Uso wa Ng'ang'a sikuwahi kuuona popote, hata kwenye mchoro. Kwa hivyo dairekta aliponipigia simu, akaniambia ana pesa kidogo za filamu fupi na anahitaji mtu wa kufanya utafiti na kumsaidia na skripti, sikuuliza hata malipo. Niliuliza tutaanza lini.

*

Tulianza kwa kutafuta msitu.

Mto Ndarugu unaujua hata kama hujui kama unaujua. Unaupita ukienda Thika, baada ya Juja, na sasa hivi barabara ni pana na gari linakimbia hivi kwamba ukikohoa mara moja daraja limeshapita. Na kama unaishi kwenye ploti ya mawe hapa Nairobi, kuna uwezekano unaishi ndani ya Ndarugu yenyewe. Muulize fundi yeyote akwambie mawe mazuri ya kujenga hutoka wapi. Tulizunguka huko siku mbili na boda. Tuliona machimbo, malori, vumbi jeupe, na mabango ya ploti zinazouzwa kwa awamu. Dairekta alisimama ukingoni mwa shimo moja refu kama jengo la ghorofa nne lililogeuzwa, akauliza, "Sasa msitu uko wapi?" Mwenye boda akacheka. "Msitu ilikatwa kitambo, bosi. Hata hii mawe inaisha."

Ndiyo tukaenda Ruiru, kilomita chache kurudi nyuma, kwenye shamba la kahawa ambalo bado lina miti mikubwa kandokando ya mto. Hakukuwa na ubaya wowote. Pasolini alipotaka kutengeneza filamu ya Injili ya Mathayo, alienda kwanza Palestina, akatembea, akaona haimfai, akarudi kuishuti kusini mwa Italia, Matera. Filamu ilitoka 1964, Yesu wake akiwa mwanafunzi kutoka Uhispania, na watu wa kawaida wa kule wakiwa umati. Hakuna anayemwita mwongo.

Lakini nikitazama nyuma naona kitu. Ukishahamisha msitu mzima ukaupeleka Ruiru na hakuna aliyelia, mkono unazoea. Baadaye mshale mmoja hauonekani kitu.

*

Mzee niliyemtegemea zaidi anaishi Makongeni, Thika. Nilienda kwake na sukari kilo mbili na majani chai. Alinitazama nikiwa nimesimama mlangoni na suruali yangu na nywele zangu wazi, akauliza swali moja tu: "Wewe ni wa nani?"

Ningeweza kujibu: mimi ni mtafiti, nalipwa na watu wa filamu. Hilo lilikuwa jibu la kweli. Lakini nilitaja jina la cucu yangu.

Uso wake ukafunguka. Akamwita mkewe, akamwambia aniletee kitambaa. Nikajifunika kichwa, nikaketi. Kwa mchana tatu alinisimulia mambo ambayo najua hangemwambia mtu mwenye kadi ya kazi shingoni. Kwenye simu yangu nilikuwa nimewasha kurekodi, na alijua, sikumficha hilo. Lakini mlango nilifunguliwa na cucu yangu, ambaye amelala Gatundu na ambaye sikumwomba ruhusa.

Kwa mzee huyu, wale watatu walikuwa katika maombi. Mikono juu, macho yamefungwa. Pinde zilikuwa chini.

Mzee wa pili, wa kanisa jingine, maana Wakorino wamegawanyika makanisa mengi, alinisimulia kinyume kabisa, na kwa fahari. Waliona bunduki, wakavuta pinde. "Unafikiri walikuwa kondoo?" Wa tatu alisema wote wawili hawajaelewa: ule upinde ulikuwa silaha ya kupigana na pepo wachafu, si wa kumpiga mwanadamu, na aliyeuona kama silaha ya vita ni askari aliyekuwa na hofu. Kila mmoja alisikia kwa mtu aliyesikia kwa mtu.

Nilipomwambia mzee wa Makongeni kwamba wenzake wanasema tofauti, hakukasirika. Alifikiria kidogo. Kisha akanipa sharti moja.

"Mjukuu wangu, usiuweke mkono wa mtu wetu kwenye mshale kama hukuwepo. Na usiuondoe kama hukuwepo."

Nikamwambia, "Sawa, guka. Nimeahidi."

*

Haki itendeke kwa dairekta. Si mtu mbaya, na hoja yake si ya kijinga. Alisema: tukiwaonyesha wakipigwa risasi wakiomba tu, watu watalia, watafuta machozi, watasahau. Tutakuwa tumeongeza picha nyingine ya Mwafrika anayekufa akiwa amepiga magoti. Lakini tukiwaonyesha wakivuta upinde, ijapokuwa watashindwa, kijana wa Githurai atatoka pale akitembea tofauti.

Nitasema ukweli: nilimwelewa kupita kiasi. Nilipokuwa darasa la sita pale Thika, mvulana mmoja alinivua kilemba mbele ya paredi. Akakirusha juu, kikapita mkono hadi mkono. Mimi nilisimama tu, mikono imeshika kichwa. Nikarudi nyumbani, cucu akaniambia hata Bwana walimvua nguo na hakusema kitu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Sikutaka Bwana aliyenyamaza. Nilitaka nabii mwenye upinde uliovutwa mpaka sikioni.

Kwa hivyo kulikuwa na sisi wawili tuliotaka ule mshale, na mmoja alikuwa ameahidi kutoutaka.

Niliandika tukio la mauaji kwa njia niliyodhani ni ya uaminifu. Moustapha Akkad alipotengeneza The Message mwaka wa 1976, filamu nzima kuhusu Mtume Muhammad, hakuonyesha uso wake wala kutusikilizisha sauti yake. Watu wanazungumza na kamera kana kwamba ndiyo yeye, na wewe mtazamaji unajaza mwenyewe. Kurosawa naye, kwenye Rashomon ya 1950, aliionyesha habari ya mauaji mamoja mara nne, kila msimulizi na ukweli wake, na hakutwambia nani anasema kweli. Kwa hivyo usidanganywe kwamba kamera haiwezi kusema "labda". Inaweza.

Kwangu mimi, kamera ingebaki mtoni na mwanamke anayeteka maji. Milio ya bunduki ingesikika kutoka kwenye miti. Yeye angesimama. Mtungi ungejaa na kumwagika. Basi. Nani aliachilia nini kwanza kungebaki kule kwenye miti. Dairekta alisoma tukiwa hotelini tunakunywa chai, akanyamaza muda mrefu, akasema ni nzuri. Nilienda nyumbani nikiwa nimeridhika na mimi mwenyewe.

*

Sasa ile jioni.

Ruhusa ya shamba ilikuwa inaisha saa kumi na mbili. Jenereta ilikodishwa kwa siku. Mwigizaji wa yule mwanamke wa mtoni alikuwa amekwama Thika Road, ameniandikia ujumbe mara tatu, wa mwisho ukisema lori limepinduka. Saa kumi jua lilikuwa bado linatosha. Saa kumi na nusu likaanza kuwa la rangi ile nzuri ambayo watu wa kamera hulipenda kwa sababu halikai.

Ekstra wetu walikuwa kumi na wanne, Wakorino halisi kutoka kanisa moja pale Ruiru. Nilikuwa nimewatafuta mimi. Shilingi 1,000 kila mtu na chakula cha mchana. Niliwaambia wataimba na kuomba, na hilo lilikuwa kweli.

Wakaimba. Wakaanza kuomba, mikono juu, kwanza kwa sauti ya kuigiza, unajua ile sauti ya mtu anayejua anatazamwa. Halafu kitu kikabadilika. Mzee mmoja akaanza kutetemeka mabega. Sauti zikashuka, zikaacha kuelekea kwenye kamera. Dairekta akapiga kelele tukate. Hawakukata. Akapiga tena. Kisha akamgeukia mtu wa kamera, akamzungushia kidole hewani: endelea. Ikaendelea kama dakika tano. Yule mwigizaji asiyeamini alisimama katikati yao, kichwa ameinamisha, kilemba nilichomfunga kikiwa bado imara, na sijui alikuwa anafikiria nini. Sikumuuliza. Hiyo ni mali yake.

Zile dakika tano ndizo picha nzuri kuliko zote tulizopata. Kila aliyeziona amesema hivyo. Na hatukuwaomba.

Walipomaliza, wakifuta uso, dairekta alitazama saa, akatazama miti, akaniambia kwa upole kabisa, "Yule wa mtoni hatafika. Wacha tuchukue shoti ya upinde. Kama akiba tu."

Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kusema niliahidi. Maneno yalikuwepo. Lakini nilifikiria jenereta, nikafikiria hela ambazo huyu mtu amekopa, nikafikiria lile jua. Na mahali fulani chini ya hayo yote nilifikiria paredi ya darasa la sita. Nikanyamaza. Kisha nikafanya zaidi ya kunyamaza. Kilemba kilikuwa kimelegea, nami nikaenda nikakikaza.

Akavuta upinde. Jua likampiga usoni. Nilihisi kitu kifuani, na kitu hicho kilikuwa furaha.

Mama mmoja kati ya wale ekstra alikuwa amekuja kusimama kando yangu. Akauliza kwa sauti ya chini, kwa Kigikuyu, "Huyu anampiga nani?"

Nikamjibu, "Ni filamu tu, mama."

Akanitazama. Hakusema kitu. Alienda akachukua elfu yake, akatia sahihi kwenye karatasi, akaondoka na wenzake. Nauli ni nauli.

*

Nimelifikiria lile neno "tu" kuliko neno lolote nililowahi kuandika.

Kama ilikuwa filamu tu, kwa nini tulizunguka siku mbili Ndarugu tukitafuta mahali penyewe? Kwa nini hatukuchukua ekstra wowote tukawavalisha mashuka? Kwa nini nilitaja jina la cucu? Tulijua vizuri sana kwamba si filamu tu. Tulitaka uzito wa ukweli. Tulitaka mabega yale yanayotetemeka, yasiyoweza kuigizwa. Lakini deni lilipokuja kudaiwa na mama mmoja mwenye swali la maneno matatu, ghafla ikawa sanaa, ikawa mchezo, ikawa "tu". Tulitaka uzito wa ukweli bila deni lake.

Najua jibu ambalo msomaji fulani analo tayari mdomoni, kwa sababu mimi mwenyewe nimelitumia. Waliokufa si mali ya mtu. Kama ni lazima uombe ruhusa kwa jamaa na kanisa kabla ya kusimulia, basi historia itabaki mikononi mwa wale walioshika bunduki, maana wao hawakuomba ruhusa kwa yeyote walipoandika faili zao. Tena ruhusa ya nani? Wazee watatu, makanisa matatu, hadithi tatu. Na picha ya mtakatifu asiye na upinde nayo inaweza kuwa uongo. Pinde zilikuwepo. Mtu anayezifuta ili manabii waonekane wapole naye anahamisha msitu.

Yote hayo nayakubali. Ndiyo maana sidhani deni ni la ruhusa. Mzee wa Makongeni hakuniambia nisisimulie, wala hakuniambia nisimulie kama yeye. Sikiliza tena sharti lake: usiuweke, na usiuondoe, kama hukuwepo. Alichotaka ni kwamba pale nilipotia mkono wangu, paonekane ni mkono wangu.

Na sisi wenye Kiswahili hatuna kisingizio hapo. Lugha imejaa vifaa vya kazi hiyo. Inasemekana. Wapo wasemao. Eti. Kila mtoto aliyepita shule ya msingi anajua ukisikia "paukwa" unajibu "pakawa", na kuanzia hapo umekubali kwa mdomo wako kwamba unaingia hadithini. Msimulizi anakuonya na wewe unaitikia. Filamu inafanya kinyume. Inaandika mwanzoni kwamba hii ni habari ya kweli, na hapo inakuvua lile onyo, inakuacha kichwa wazi.

Na picha ikishaingia haitoki. Yule Yesu mwenye macho ya buluu kwenye kalenda na nyuma ya matatu nyingi ni mwigizaji Mwingereza, Robert Powell, kutoka Jesus of Nazareth ya mwaka wa 1977. Jirani yetu Thika alikuwa naye juu ya televisheni na alimwomba kila usiku. Powell hakumdanganya yeyote, alifanya kazi yake akaenda nyumbani. Lakini mama yule alikufa akiwa na uso wake. Sasa fikiria mtoto wa Mkorino ambaye hajawahi kuuona uso wa Ng'ang'a. Filamu yetu fupi, ya bajeti ya mfukoni, ndiyo itakuwa kalenda yake. Atakachokiona kwanza ni upinde uliovutwa katika jua zuri, na hatajua kwamba uko pale kwa sababu lori lilipinduka Thika Road.

Hilo ndilo linalonisumbua zaidi. Hatukuamua kwamba mzee wa pili ndiye mkweli. Hatukuamua chochote. Tulichelewa, basi. "Labda" ilikuwa inawezekana kabisa, ila ilikuwa na gharama ya nusu siku ya jenereta, na tulipoiona bei tukaiacha dukani.

*

Wiki mbili baadaye nilikutana na dairekta Ruiru, nikamwomba aitoe shoti ile au aitoe kazi yangu. Hakunigombeza. Alinieleza kama mtu anayemweleza mdogo wake. Shoti ile ndiyo filamu sasa, alisema, bila hiyo hana mwisho. "Lakini jina lako naweza kulitoa. Hiyo ni kazi ya dakika mbili."

Karibu niseme asante. Nilikuwa nimeshalifungua domo. Halafu nikaona nilichokuwa naenda kununua. Jina langu likitoka, mshale unabaki. Kitakachobadilika ni kwamba mzee akiuliza ni nani aliyeuweka, hakutakuwa na wa kuulizwa. Nikamwambia aliache jina.

Kisha nikafanya nilichopaswa kufanya kabla. Nilipanda gari la Thika, nikaenda Makongeni, bila sukari safari hii, kwa sababu sukari ingekuwa kama rushwa. Mke wa mzee alinipa kitambaa kama zamani. Nikamweleza mzee kila kitu: kwamba niliahidi, kwamba nilinyamaza, kwamba nilikikaza kilemba kwa mkono wangu. Nikamwambia pia kwamba nilifurahi. Sijui kwa nini nilimwambia hilo. Nadhani ni kwa sababu mengine yote yalikuwa na kisingizio.

Alikaa kimya. Kuku alipita mlangoni. Kisha akauliza kitu ambacho sikukitarajia, cha kiufundi kabisa.

"Mshale uliachiliwa?"

"Hapana, guka. Tulikata kabla."

"Basi bado uko kwenye upinde," akasema. "Rudi ukawaambie ni wenu."

Nilirudi. Nilimwandikia dairekta kwamba sitadai shoti itolewe tena. Nadai sentensi tatu, kwa Kiswahili na Kigikuyu, ziwekwe juu ya giza mara tu upinde unapovutwa, kabla ya kitu kingine chochote, zikae hapo muda wa kutosha mtu kuzisoma polepole: Tuliwauliza wazee watatu. Hawakukubaliana. Mshale huu ni wetu.

Nimewatafuta pia wale kumi na wanne, kupitia kanisa lao, kuwaambia kuhusu zile dakika tano na kuwauliza kama wanataka zitumike. Tisa wamesema ndiyo. Watatu wamesema hapana. Wawili hawajajibu, na mmoja wao ni yule mama.

Dairekta amejibu. Amesema sentensi mbili za kwanza hazina shida, hata zinapendeza. Ya tatu anaona inaharibu.

Nimemwambia kama ni lazima abakishe moja, abakishe hiyo.